Pikipiki ya kuundwa Ngamiani, milioni 2.4: mtu anaipimaje?

Makorora_Kwetu
Wakuu, salaam. Kuna chombo nimekiona Ngamiani, hapa Tanga mjini, barabara ya 12, kwa fundi wa kuchomelea, na tangu nikione sina raha. Chini ni Honda CG125 ya zamani, lakini injini amepachika ya Kichina ya cc 200. Shokapu za mbele ni ndefu, zimetoka pikipiki nyingine. Nyuma amekata fremu, akaweka kiti cha mtu mmoja cha ngozi ya kahawia, kimeshonwa kwa mkono. Tenki jeusi linang'aa mpaka unajiona uso. Anataka milioni 2.4.

Injini nimeisikiliza, inaunguruma vizuri, haitoi moshi, gia zinaingia. Matumizi yangu ni kwenda kazini bandarini na kurudi, na mwisho wa wiki Muheza kwa mama. Najua nikiongeza hela napata Boxer, ila naomba jibu lisiishie hapo, maana hiki nimekipenda. Ninachouliza: mtu anakipimaje chombo ambacho hakuna kingine kama hicho cha kulinganisha bei?

Dereva_Pongwe
Sitakuambia Boxer basi. Nakuambia spea. Kebo ya klachi ikikukatikia Muheza, utaingia dukani useme nipe ya pikipiki gani? Mwambie huyo fundi akuandikie kwenye karatasi kila kitu kimetoka wapi: beringi za magurudumu, sproketi, mnyororo, kebo, breki. Asipoweza kuandika, ujue na yeye alikuwa anaokoteza tu.

Fundi_Chumbageni
Mwanangu, umeanza na injini. Wengi huanza hapo kwa sababu ndiyo yenye sauti. Mimi ningeiacha mwisho. CG125 Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa mizigo na oili inacheleweshwa, na hizo 200 za Kichina nyingi zimefuata mchoro ule ule: valvu zinasukumwa kwa vijiti, hakuna mnyororo wa taimingi wa kukusumbua. Ikifa unashusha, unapandisha nyingine. Lakini shingo ya fremu ikikatika njiani, umekwenda nayo. Hapo unanunua fremu na kadi ya usajili, vingine vyote vinabadilishika.

Kwa hiyo rudi mchana, jua likiwa kali, uiname pale shingoni zinapokaa beringi za usukani. Pitisha kidole chini ya bomba. Mshono wa kiwandani ni mwembamba na umelala sawa. Ukikuta mshono wa pili wenye vinundu, au alama za grenda zilizozikwa kwenye rangi nene, basi shingo ilikatwa ikalazwa ili zile shokapu ndefu zikae. Kama ni hivyo, ondoka, hata akikupa kwa laki tano. Namba ya chesesi nayo imegongwa hapo hapo shingoni, isome kabla hujanyanyuka.

Beba sumaku, hata ya spika mbovu. Ipitishe kwenye mabomba na kwenye tenki. Mahali itakapokataa kushika pana fila, ile lipu ya kuziba bati kabla ya rangi, na kwa chumvi hii ya bahari yetu, chini ya fila ya tenki mara nyingi kuna matundu.

Chukua uzi, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili mpaka mbele. Tairi la mbele likae katikati ya nyuzi, nafasi sawa kushoto na kulia. Likiegemea upande mmoja, fremu imepinda. Kisha gurudumu la mbele linyanyuliwe, uzungushe usukani taratibu. Ukinasa kidogo pale katikati, beringi zimekwisha.

Kuijaribu, usikimbize. Shokapu ndefu zinalisogeza gurudumu mbele, kwa hiyo barabara ya Segera utaiona imetulia kabisa, halafu kwenye kona za Ngamiani usukani unakuwa mzito. Geuza polepole barabarani bila kushusha mguu, hapo itajisema yenyewe. Na kama breki ya mbele bado ni ngoma ya 125, injini ya 200 imeizidi. Hilo ni la kushusha bei.

Bi_Chuda
Kaka, mimi naandika bima, nitasema upande wa makaratasi tu. Kadi ina namba ya chesesi, namba ya injini, ujazo wa injini na rangi. Kwa maelezo yako, injini na ujazo vimeshabadilika, na rangi pengine pia. Usitoe hata arubuni kabla hamjaenda wote wawili TRA, mamlaka ya mapato, na kadi halisi, mabadiliko yaingizwe, ndipo umiliki uhamishwe. Mwombe na risiti ya injini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye pikipiki ambayo mwenyewe anaitafuta mpaka leo. Ukipata ajali na chombo kilichopo barabarani si kile kilichoandikwa kwenye bima, umempa mtu sababu ya kukunyima haki yako.

Makorora_Kwetu
Nimetoka huko. Shingo haijaguswa, namba inasomeka na inalingana na kadi. Uzi uko sawa pande zote. Sumaku imekataa kwenye tenki, chini kushoto, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Breki ni ile ile ngoma ya 125. Risiti ya injini anayo, ila kadi bado inasoma injini ya zamani. Mwenyewe hakukasirika hata kidogo, alinishikia uzi. Orodha ya spea ameiandika yote, akakwama kwenye beringi za mbele tu. Nimemwambia 1.7, yeye anasema 1.9 na gharama za kadi tugawane.

Fundi_Chumbageni
Aliyekushikia uzi anaijua kazi yake, usimkandamize sana. 1.9 mpe, lakini kadi alipie yeye peke yake, maana injini aliibadilisha yeye. Hilo tenki usikubali lichomelewe, mvuke wa petroli umeshaua watu. Akutafutie tenki jingine la CG, yapo.

Kabla ya kulipa, endesha mpaka injini ipate moto, uzime, ushike boliti moja moja za mabano aliyotengeneza kushikilia injini. Ile 200 inatikisa zaidi ya ile ya kwanza. Boliti ikicheza, aweke nati za kujikaza. Na beba mita ya umeme: ukipandisha mzunguko, betri isome volti 14 hivi. Ikibaki 12 haichaji, na Muheza usiku hutafika na taa.

Makorora_Kwetu
Nimekuelewa mzee wangu. Jumatatu asubuhi tunakutana TRA, hela naiacha nyumbani.