Saa ya kuzamia ya kiunzi au ya uso mzima? Naomba ushauri kabla mjomba hajasafiri

Mwana wa Kiponda
Assalaamu alaykum. Mjomba wangu atapitia Dubai katikati ya mwezi ujao, nami nimemwomba anichukulie saa moja ya kuzamia ya daraja la juu kwa ajili ya mkusanyiko wangu. Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni Ulysse Nardin Diver X Skeleton, ambayo mashine yake imechongwa mpaka kikabaki kiunzi kitupu na unaona kila gurudumu linavyozunguka. Ya pili ni Blancpain Fifty Fathoms ya uso mweusi uliojaa. Ipi inamfaa zaidi mkusanyaji?

Fundi wa Mkunazini
Wa alaykumus salaam, mwanangu. Umeuliza swali la fedha nyingi kwa maneno machache mno. Hukusema kama saa hii utaingia nayo baharini au itakaa kabatini, hukusema mkono wako una unene gani, wala kama utanunua mpya au iliyokwishavaliwa, wala nani ataifungua siku ikihitaji huduma. Diver X ina upana wa milimita 44 na Fifty Fathoms unayoisema, kama ndiyo ile kubwa, ina 45. Bila ya majibu hayo nitakuwa nakupigia ramli.

Nahodha wa Mkoani
Jina Fifty Fathoms maana yake ni pima hamsini, ambazo ni kama mita 91, na pima kila nahodha wa huku Pemba anaijua kwa mikono yake miwili aliyoinyoosha. Saa hiyo ilitoka mwaka 1953. Jean-Jacques Fiechter, aliyekuwa akiiongoza Blancpain wakati huo, alikuwa mzamiaji mwenyewe, na maofisa wawili wa Ufaransa waliokuwa wakiunda kikosi cha wazamiaji wa kijeshi, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walijua wanachokitaka: uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa gizani na pete ya kuzungusha inayokuonyesha dakika ulizokwishatumia chini ya maji. Sasa niambieni, saa ya kiunzi imeutunza vipi uso huo, ilhali haina uso? Mimi huzamia Misali, na najua kwamba ukishuka, rangi nyekundu hupotea mapema na ya chungwa huifuata, kwa hiyo mapambo ya rangi hizo yanayokupendeza dukani kule chini yanakuwa kijivu.

Bi wa Shangani
Nahodha, kwa heshima zote, hata wewe ukishuka Misali unafunga kompyuta ya kuzamia mkononi, na saa ya mashine unaivaa kwa mapenzi tu. Hapo tuko sawa sote. Mwana wa Kiponda amesema mkusanyiko, hakusema mtungi wa hewa.

Naomba pia niondoe dhana moja ambayo naisikia kila mara, kwamba saa iliyochongwa inaingia maji kwa wepesi zaidi. Shinikizo la bahari halibebwi na bamba la mashine hata likatobolewa vipi. Linabebwa na kasha, kioo cha yakuti, na mipira iliyoko kwenye mfuniko wa nyuma na kwenye kifungo cha kutilia ufunguo. Diver X imeandikwa mita 200. Saa ya mita 200 ikipimwa kwa kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, yaani ISO 6425, hutiwa shinikizo la robo zaidi, sawa na mita 250, na wageni tunaowapeleka Mnemba hawatakiwi kuvuka mita 40. Isitoshe, toleo la kwanza la Diver X, la mwaka 2021, lilikuwa la saa 175 tu. Mkusanyaji atafute nini zaidi?

Fundi wa Mkunazini
Bi amesema kweli kuhusu maji. Lakini kiwango hichohicho kinataka saa isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na pawepo ishara ya kuonyesha kuwa inatembea, ndiyo sababu akrabu ya sekunde hutiwa nukta inayong'aa. Kwenye saa ya kiunzi akrabu zinapita juu ya magurudumu, springi na vyuma vilivyokatwa kama dirisha la nakshi, na jicho halina pa kutulia. Mjomba akifika dukani aombe taa ipunguzwe, anyooshe mkono, aitupie saa jicho mara moja, kisha aseme ni saa ngapi na dakika ngapi. Akisita, amekwishapata jibu.

Na jingine. Ulysse Nardin ndio walioingiza silikoni, ile ngumu kama kioo na si ile ya mpira, kwenye mashine ya saa ya mkono, mwaka 2001, kwa saa yao ya Freak. Ni kitu kizuri, hakishikwi na sumaku, lakini kikivunjika hakinyooshwi, kinabadilishwa kizima, na kipande hicho hukipati Darajani.

Mtu wa Wete
Nilitaka kunyamaza, ila kisa changu kinahusu.

Nilikuwa na saa ya kuzamia ya kiunzi, kampuni sitaitaja, niliyoinunua kwa mtu aliyekwishaivaa. Ilikuwa inakwenda mbele dakika mbili kwa siku, nikaipeleka kwa duka moja huko bara, nalo sitalitaja, wakaifungua nyuma, wakairekebisha na kuifunga kwa mpira uleule wa zamani uliokwishabanwa ukawa bapa kama utepe. Hawakuipima shinikizo, nami sikuuliza. Wiki ya tatu nilikuwa nasaidia kuosha mashua, maji hayakunifika hata kiunoni, na jioni nikaona ukungu mdogo upande wa saa nne chini ya kioo. Nikaizika kwenye bakuli la mchele kwa siku tatu. Ukungu ukaondoka, nikashukuru, nikaivaa harusini.

Baada ya kama siku kumi na tano nikaona nukta ya rangi ya kahawia kwenye kichwa cha skrubu iliyo karibu na gurudumu la mizani. Siku ya pili imekua. Siku ya nne imeshuka kwenye bamba, inatambaa kama doa la chai kwenye kanzu nyeupe, nami naitazama kila nikiangalia wakati. Ilisafirishwa nje kwa mkono wa jamaa, ikakaa miezi saba, na gharama ikapita nusu ya bei niliyonunulia.

Bi wa Shangani
Pole sana, kaka. Lakini kisa chako kinaitetea saa ya kiunzi. Ungekuwa na uso mzima, kutu ingekula mashine yote nawe hujui mpaka ikasimama.

Mtu wa Wete
Bi, niliona, na sikuwa na la kufanya. Kuona kwenyewe ndiko kulikonitesa.

Kijana wa Chake
Mimi naona achukue ya dhahabu nyekundu, kwa sababu dhahabu haipati kutu.

Nahodha wa Mkoani
Dhahabu kwa mwanamume? Ndugu yangu, hilo ulimsikia nani akilihalalisha? Titani ipo, nyepesi, na chumvi haiiwezi.

Kijana wa Chake
Na kama dhahabu iko ndani tu, kwenye kile kipande kinachozunguka kujitia ufunguo chenyewe, ambacho kwenye saa ya kiunzi kinaonekana?

Fundi wa Mkunazini
Hilo mpelekee sheikh wako, si mimi.

Mwana wa Kiponda
Nashukuru nyote. Nimejipima kwa utepe wa mshonaji, mkono wangu una sentimita 16 na nusu. Saa itakuwa mpya, na baharini nitaogelea nayo tu, sina cheti cha kuzamia. Nina saa nyingine nne, kwa hiyo hii itavaliwa Ijumaa na siku za shughuli.

Bi wa Shangani
Kwa mkono huo zote mbili zitakuvaa wewe. Ila kama ni ya Ijumaa kwa Ijumaa, ujue kwamba Fifty Fathoms ya milimita 45 ikijaa ufunguo ina akiba ya kutembea siku tano bila kuvaliwa, kwa hiyo nayo utaikuta imesimama. Akiba hiyo ndefu haiitetei saa ya Nahodha.

Nahodha wa Mkoani
Kuitia ufunguo ni kazi ya dakika moja. Kuisoma ni kazi ya kila siku.

Fundi wa Mkunazini
Mwana wa Kiponda, umejibu matatu kati ya manne. Nani ataifungua?

Kijana wa Chake
Mtu wa Wete, ile saa yako bado unayo? Kama unaiuza, niandikie pembeni.