1JZ yenye kontrol boksi mpya inakata ikifika mizunguko 5,500

mtambo6: Wakuu, nimetoa kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani kwenye 1JZ-GTE, ile injini ya Toyota yenye tabo, nikafunga ya kampuni ya Link. Waya tumevuta wenyewe. Inawaka mara moja na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Shida ni nikiibana: ikifika mizunguko 5,500 inakatakata kama mtu anachezea swichi. Sensa ya lambda inasoma 15 hadi 16 (hewa kwa 1 ya mafuta), yaani mafuta kidogo. Tumeongeza mafuta mara 3, inazidi kuharibika. Ninunue nozeli kubwa?

gia_ya_3: Nunua. Injini ina njaa hiyo.

pistoni_ya_nne: Usinunue kitu, mkuu. Sensa ya lambda haioni petroli, inaona oksijeni. Plagi isipochoma, oksijeni yote inatokea kwenye ekzosi na sensa inakwambia mafuta ni kidogo, kumbe plagi zimelowa. Unaongeza, zinalowa zaidi. Nimeshazunguka humo, nikatoka na pistoni iliyotoboka (jina langu mnaliona).

Anza na sensa ya krenki. Ile ya sumaku, yenye waya 2, ukizipishanisha gari bado linawaka na sailensa inakaa vizuri tu, ndiyo maana inadanganya watu. Ila taimingi (wakati wa cheche kuruka) inahama kadiri mizunguko inavyopanda. Ingia kwenye programu, funga taimingi kwenye digrii 10, mulika puli kwa taa ya taimingi kutoka sailensa hadi 4,000. Alama ikihama, geuza hizo waya halafu upange upya taimingi ya msingi, maana nayo itakuwa imebadilika. Waya zipite kwenye kebo yenye kinga, mbali na koili, na kinga ipigwe athi upande mmoja tu.

Plagi umeacha uwazi gani?

mtambo6: Milimita 1.1. Nimezifungua, nyeusi tii, zinanuka petroli.

pistoni_ya_nne: Tabo ikisukuma, cheche hairuki huo uwazi kirahisi. Weka 0.7.

mtambo6: Fundi, alama ilikuwa inahama karibu upana wa kidole! Nimegeuza waya, sasa imeganda palepale. Plagi mpya, 0.7. Imepanda hadi 6,800 bila kukata. Ila lambda inasoma 10.2 na nyuma kuna moshi mweusi.

pistoni_ya_nne: Hayo ndiyo mafuta yako ya mara 3. Yatoe kidogo kidogo hadi 11.5 tabo ikisukuma, na mtu asikilize kama injini inagonga. Taimingi usiiguse kwanza.

gia_ya_3: Nafuta jibu langu.