Sweetheart of the Rodeo ya The Byrds: sauti ya stili tutaipata vipi kwa gitaa la kawaida?

GitaaMalindi: Wadau, salama? Bendi yetu inafanyia mazoezi "Hickory Wind" kutoka albamu hii ya 1968, ambayo The Byrds, bendi ya roki ya Marekani, walipiga muziki wa kantri. Hapa Malindi hatuna mpigaji wa stili ya kanyagio, lile gitaa la kulaza linalopigwa kwa kipande cha chuma na kanyagio za miguu. Tuna magitaa mawili ya umeme, besi na fidla ya taarabu. Ule mlio unaovutika tuutoe wapi? Halafu mwenzetu mmoja anashikilia kwamba albamu yenyewe ilianguka, tusijisumbue nayo.

FundiLangoni: Kimauzo ilianguka kweli. Iliishia nafasi ya 77 kwenye chati ya Billboard, chini ya albamu zao zote za nyuma. Lakini muziki hauna kosa. Vijana wa roki waliona kantri ni ya wazee wasiotaka mabadiliko, na wana kantri hawakuwataka wenye nywele ndefu. Machi 1968 walizomewa kwenye Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri huko Nashville. Gram Parsons, mwimbaji aliyewavutia kwenye kantri, alijitoa Julai bendi ikijiandaa kwenda Afrika Kusini ya ubaguzi, na albamu ikatoka Agosti bila yeye. Isitoshe, kwa mzozo wa mkataba wake wa zamani, nyimbo kadhaa alizoimba Parsons, Roger McGuinn, kiongozi wa bendi, aliziimba upya. Tafuteni toleo la 2003 la diski mbili, Parsons mnamsikia mwenyewe. Mimi naiweka juu ya zote walizotoa.

NyuziSita_Lamu: Tuje kwenye mlio. Kwenye stili, kanyagio hupandisha uzi mmoja, kwa mfano B kwenda C#, na jirani zake hautikisiki hata mmoja. Hapo ndipo penye siri. Kwa ufunguo wa D: kidole kidogo kilalie uzi wa 1 na wa 2 (zile nyembamba) kwenye freti ya 10, yaani kigawanyo cha kumi cha shingo ya gitaa. Kidole cha pete kiwe uzi wa 3, freti ya 9, cha kati na cha shahada vikikisaidia nyuma. Piga zote tatu, kisha sukuma uzi wa 3 polepole mpaka E iwe F#. Hakikisha kwa kulinganisha na freti ya 11 ya uzi huohuo. Ukiishia njiani, kodi nzima (noti zote tatu kwa pamoja) inachacha. Uzi wa 3 uwe mtupu, usiozungushiwa waya, seti nyembamba ya 9 au 10.

GitaaMalindi: Shukran kaka. Tumejaribu, F# inafika ila uzi wa 1 na wa 2 nazo zinapanda.

NyuziSita_Lamu: Kidole kidogo kinaburutwa na mkono. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kidole hicho kikandamize tu. Na kama uzi wa 3 haurudi sawa ukiuachia, unakwama kwenye kijipengo cha juu ya shingo. Hewa yetu ya chumvi hutia nyuzi kutu upesi. Badilisha uzi, sugua kijipengo kwa ncha ya penseli.

FundiLangoni: Ongezeni kanyagio la sauti: charaza likiwa limefungwa, lifungue taratibu, ule mgongano wa pikki upotee. Fidla msiipe mstari uleule wa gitaa. Wimbo ni wa tatu kwa nne, kwa hiyo fidla ishike noti moja ndefu bila kutetemesha, na gitaa lijibu pale mwimbaji anapovuta pumzi.