Dodoma: ninunue mjini hapa, niagize Kariakoo, au nichukue kwa gunia?

Mgeni_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Tumehamia Dodoma, tuko Nkuhungu, watu watano ndani ya nyumba. Unga unakwenda kilo 45 kwa mwezi, mchele kilo 20, mafuta ya kula lita 5. Vyote vinatoka duka la mtaani kwa kupima kidogo kidogo. Bado tunatafuta brenda, pasi na simu ya kijana wa chuo. Wauzaji wa Kariakoo walioko Instagram bei zao ziko chini kuliko za mjini hapa, ila wanataka hela kwanza. Wapi kweli nitaokoa hela, na wapi najidanganya? Mwenye hesabu aweke hesabu.

Mizani_Majengo

Karibu Dodoma mkuu. Anza na chakula, maana brenda unanunua mara moja, unga kila wiki.

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mavuno yanaingia Mei mpaka Julai, na bei ya mahindi hushuka miezi hiyo na ile inayofuata. Kuanzia Januari wengi wameishiwa ghalani, wanaingia sokoni kununua, bei inapanda. Kwa hiyo nunua Julai au Agosti mzigo wa kukufikisha Machi, hiyo ni miezi minane.

Usinunue "gunia", nunua kilo. Gunia la lumbesa na gunia pungufu yote yanaitwa gunia. Mwambie muuzaji apime mbele yako, na uangalie mzani una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Kwenye sado hivyo hivyo. Sado ni kopo la rangi la lita 4, na mchele uliosawazishwa humo huwa karibu kilo 3.2. Tuseme sado ni 9,500 na jirani yake anauza kilo 2,800. Gawanya 9,500 kwa 3.2, unapata kama 2,970 kwa kilo. Sado imekula 170 kila kilo na ulidhani umepata nafuu. Kabla ya kupimiwa geuza kopo utazame kitako, kuna yaliyogongwa kikaingia ndani. Wengine wanakufidia kwa kichuguu juu, wengine wanapitisha mkono tu.

Kwenda soko la mahindi la Kibaigwa kwa gunia mbili ni kuchezea nauli. Mkiungana majirani mkafika gunia kumi na mkakodi kigari kimoja, hapo inaanza kulipa.

Ghala_Kongwa

Naongezea kwa Mizani, maana hapo kwenye kuhifadhi ndipo watu wanapoteza hela yote waliyookoa.

Mahindi ya bei ya kutupa mwezi Mei mara nyingi ni mabichi. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 ukazianika mpaka 13, zinabaki kilo 94 na kidogo. Karibu kilo 6 umenunua maji. Punguzo lisipozidi hapo, hujapunguziwa kitu.

Kipimo cha nyumbani: chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, usiyaweke ndani. Isiposhika, bado anika siku moja mbili juu ya turubai, si juu ya udongo.

Ukihifadhi kwenye mifuko ya PICS huhitaji dawa. Ni mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Puliza kila mfuko wa nailoni kama puto usikilize kama unavuja, jaza, toa hewa, funga wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha kiroba. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Ila mahindi mabichi humo yanaoza, na ukifungua fungua kila siku mfuko haukusaidii. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Na yenye ukungu usiyanunue hata kwa nusu bei. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mgeni_Nkuhungu

Asanteni sana. Nyumbani tunakula sembe, dona watoto hawaigusi. Hesabu inabadilika? Na hivyo vyombo vya Kariakoo je?

Kifurushi_Nzuguni

Nianze na vyombo. Linganisha bei ya mlangoni, bei ya tangazo iache kwake. Mfano: brenda Kariakoo 48,000, hapa mjini 58,000. Weka mzigo wa basi 5,000, boda toka stendi Nzuguni mpaka kwako 3,000, na muuzaji akikwambia "weka na ya kutolea", 1,500 nyingine. Imefika 57,500. Kwa shilingi 500 umejinyima kuiwasha dukani kabla ya kulipa, na ikigoma utairudisha Dar kwa nauli yako. Agiza pale tu tofauti inapozidi gharama hizo mara mbili, au mkiweka vitu vya watu watatu kwenye mzigo mmoja.

Kulipa: omba Lipa Namba ya duka. Jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama tangazo ni la duka na jina ni la mtu mwingine kabisa, ishia hapo. Omba video ya chombo kikiwashwa pembeni ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, maana picha zinaibwa kwenye kurasa za wengine. Tanguliza nusu tu. Akishatuma, akupe picha ya risiti ya mzigo, uipigie ofisi ya basi uthibitishe namba ya mzigo ndipo umalizie nusu iliyobaki. Asiyekubali nusu kwa nusu, mtume mtu unayemwamini aliyeko Dar akuchukulie.

Simu sikushauri kuagiza kabisa. Nunua dukani, bonyeza *#06#, namba ya IMEI itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama majibu yanataja aina ileile ya simu. Dai risiti ya EFD. Ukiipiga picha QR yake inafungua ukurasa wa TRA, na kiasi kinapaswa kuwa kilekile ulicholipa. Waranti bila risiti ni maneno.

Vya kutoka nje moja kwa moja: bidhaa nyingi zilizokamilika zina ushuru wa asilimia 25, na VAT ya 18 inapigwa juu ya jumla yake. Kitu cha 100,000 pamoja na usafiri na bima kinakuwa 147,500, bado tozo ndogo ndogo.

Mizani_Majengo

Kuhusu sembe: inabadilika sana. Kukoboa kunaondoa ganda na kiini, mahindi hupungua robo hivi. Kilo 45 za sembe zinataka kilo 60 za mahindi, kwa miezi minane ni kilo 480, karibu gunia tano. Piga bei ya mahindi, kukoboa, kusaga na boda, gawanya kwa kilo za unga zitakazotoka, ndipo ulinganishe na kiroba cha dukani. Mwezi Agosti utashinda vizuri, Machi unaweza usishinde.

Mafuta ya alizeti ya kupima yatazame kwa mzani. Lita moja ni gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 linatakiwa kuwa na kilo 18.4 ukitoa uzito wa dumu tupu. Lipime tupu kwanza.

Na mashineni uliza kabla hujashusha gunia: pumba ni zako au ni za mwenye mashine? Wafuga kuku wa Nkuhungu wananunua, na kwa gunia tano hizo si hela ya kuacha.