Ulanzi.co.tz inaweza kuuzika bei gani?

Wakuu, niko Iringa, nataka kusajili domeini hii (anwani ya tovuti) niiuze baadaye. Ulanzi ni pombe ya mianzi; neno adimu, herufi 6. Bei yake naipimaje?

— Mkuu, uadimu peke yake hauna bei. Mtajie mtu kwa simu mara moja, aandike. Akikosea herufi, thamani imeshuka. Halafu taja wanunuzi watatu. Wagema hawatainunua: wanauza kwa lita, kijijini.

— Tazama NameBio, tovuti ya kumbukumbu za mauzo ya domeini: mauzo yaliyokamilika, siyo bei za kuombwa. Ila hapa pana mtego: Ulanzi ni chapa ya China, stendi na taa za kamera. Ukiwaandikia wainunue, barua yako yenyewe inaweza kugeuka ushahidi kwamba uliisajili kwa nia mbaya. Unaweza kunyang'anywa domeini bila fidia.

— Kweli kabisa. Bora "matoborwa", viazi vitamu vilivyokaushwa.