Tupeane uzoefu: mliojiundia pedali ya oktava fazi, oktava yenu mliipataje?

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa waliojiundia oktava fazi kwa mikono yao, yaani pedali ya gita inayokwaruza sauti (fazi) na kutoa noti ileile oktava moja juu, zile za ukoo wa Octavia ya fundi Roger Mayer ambayo mpiga gita Jimi Hendrix alirekodi nayo London mwaka 1967. Kila mtu aseme alichopitia.

Naanza mimi. Nilifuata ramani ya saketi ya Green Ringer, pedali nyingine ya oktava. Transista ya kwanza inakuza sauti, ya pili inaitoa kwa miguu yake miwili, kolekta na emita, moja ikipanda nyingine inashuka. Dayodi mbili, ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu, zinachukua nusu ya kila upande na kuzikutanisha. Nusu ya wimbi iliyokuwa chini inakaa juu, hivyo wimbi moja linatoka mawili: uzi wa A wa gita ukiachwa wazi una hezi 110, huku unatoka na 220. Siri yote ni zile nusu mbili kulingana. Rezista za kolekta na emita nilizilinganisha kwa mita, bado oktava ikawa hafifu, maana emita inabeba mzigo vizuri kuliko kolekta. Nikaweka trimpoti (rezista ndogo inayorekebishwa kwa bisibisi) upande wa kolekta, nikawa napiga freti ya 12 kwenye uzi wa G huku nazungusha bisibisi taratibu. Kuna mahali padogo sana ambapo noti ya chini inazama na ya juu inasimama peke yake. Mkipapata, msipaguse tena!

Fundi_Luthuli
Asante kwa mada, ndugu. Mimi niko Nairobi. Dayodi za silikoni kama 1N4148 hazisumbui kupatikana, lakini za gerimaniamu nazitoa kwenye redio mbovu za AM: ile dayodi ndogo ya kioo inayotoa sauti kwenye mawimbi. Silikoni inataka kama volti 0.6 ndipo ifunguke, gerimaniamu kama 0.3 tu, kwa hiyo oktava inadumu hata noti ikianza kufifia. Pima nyingi, chagua mbili zinazosoma karibu sawa. Usizishike kwa vidole wakati wa kupima, joto la mkono linabadilisha namba. Na wakati wa kuchoma risasi, bana mguu wa dayodi kwa koleo ili moto usifike ndani.

Solo_Tanga
Kwenye hizo hizo redio msitupe transfoma ndogo! Zile za zamani zenye transista mbili za kutoa sauti zina transfoma ya kuzisukuma, na upande wake wa pili una waya wa katikati. Mimi waya wa katikati nimeupeleka ardhini, ncha mbili zikaingia kwenye dayodi. Transfoma ndiyo inagawa wimbi, sihitaji transista ya kugawa. Tycobrahe Octavia ya miaka ya 1970 nayo inatumia transfoma. Sauti yake ni nene, naipenda kuliko nyingine zote nilizoziunda.

Besi_ya_Kwaya
Kwa sisi wa besi tatizo ni kwamba oktava ikitoka vizuri, noti ya chini ndiyo inayoondoka, na kwaya inaitegemea hiyo. Nimeongeza njia ya pili inayopitisha sauti safi bila kugusa dayodi, na poti moja (kitufe cha kuzungusha) ya kuchanganya. Naweka safi nyingi, oktava kidogo juu yake.

Fundi_Luthuli
@Besi_ya_Kwaya hilo ni zuri sana. Hakikisha tu mawimbi ya njia zote mbili yanapanda pamoja, yakipishana moja litalifuta jingine.

Gita_Moro
Nyongeza kwa wapigaji. Tumieni pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya upande wa shingo ya gita, punguzeni toni ya gita, pigeni kuanzia freti ya 12 kwenda juu, noti moja moja. Ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja zinazaa noti zisizomo kwenye wimbo, kama kengele iliyopasuka. Kingine, tanguliza fazi ya kawaida kabla ya Green Ringer. Fazi inalisawazisha wimbi, dayodi zinapata nguvu ileile mpaka mwisho wa noti.
Swali kwa mleta mada: umeweka swichi ya kuzima oktava?

Mleta mada
Ndiyo mkuu. Swichi ndogo inayokata dayodi moja. Ikikatwa inabaki nusu moja ya wimbi, unapata fazi kavu bila oktava. Tafuta swichi ya miguu miwili, inatosha kabisa. Ramani niliyochora kwa mkono nitaipiga picha niiweke hapa jioni.