Tabora–Kitunda na Tabora–Uvinza: simu, GPS ya mkononi au skrini ya gari?

Mzigo_Tabora
Habari wakuu. Gari ni Toyota ya mtumba kutoka Japani, ina skrini yenye ramani ya Kijapani. Ruti ni Sikonge–Ipole mpaka vijiji vya Kitunda kufuata asali, na mara mojamoja Urambo–Kaliua–Uvinza mpaka Kigoma. Lami haina tatizo. Ukishaiacha ndiyo mtandao unakata na njia za porini zinafanana zote. Nitumie programu ya simu, ninunue GPS inayojitegemea, au fundi aingize ramani ya Tanzania kwenye hiyo skrini?

Fundi_Ngambo
Mkuu, hilo la tatu lifute. Kadi iliyomo ina ramani ya Japani tu. Setilaiti inazisoma vizuri, ila haina cha kukuonyesha. Utaona kagari kanaelea kwenye skrini tupu.

Kadi yenyewe usiichomoe. Nyingi za redio hizo bila kadi yake hata FM hazifungui, na moto ukikatika zinadai namba ya siri. Siku ya kubadili betri, kwanza unga betri nyingine ya volti 12 kwa waya za kubusti: chanya kwenye kichwa cha waya wa gari, hasi kwenye bodi. Ndipo utoe ya zamani. Kile kichwa cha chanya kizungushie kipande cha tyubu, maana kina moto muda wote na kikigusa bodi utaona cheche.

Ukipenda skrini kubwa, funga redio ya Android. Waya wa njano ni moto wa kudumu, nyekundu moto wa swichi, nyeusi bodi. Njano ikiwekwa kwenye swichi, kila ukizima gari inasahau kila kitu. Nyekundu ikiwekwa kwenye moto wa kudumu, asubuhi betri imelala. Antena ya GPS ikae juu ya dashibodi chini ya kioo, isifichwe nyuma ya redio katikati ya vyuma. Lakini hiyo nayo ni simu iliyonenepa tu, ramani ni zilezile.

Njia_Panda
Simu inatosha, ila iandae ukiwa mjini. GPS haili bando. Kinachokula bando ni ramani. Google Maps: gusa picha yako juu kulia, ingia ramani za nje ya mtandao, chagua eneo kuanzia Tabora mpaka Rungwa, pakua. Lingine la Kigoma lipakue peke yake. Weka na Organic Maps au OsmAnd, zinatumia OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na vijia vya porini mara nyingi vinaonekana huko wakati Google iko kimya. Kisha zima data na Wi-Fi utafute njia hapohapo barazani. Ikigoma hapo, Ipole haitakubali.

Ukiwasha GPS pasipo mtandao, subiri gari likiwa limesimama mahali peupe. Setilaiti inarudia taarifa za mahali ilipo kila sekunde 30, na mawimbi yakikatwa na miti katikati, simu inasubiri mzunguko mwingine. Watu huwasha huku wanaendesha chini ya miombo halafu wanailaumu simu.

Chaja iwe ya ampea 2.4 au zaidi. Ya ampea 1 inashindwa na skrini inayowaka muda wote. Simu isikae kwenye kioo cha mbele. Jua la saa saba likiipiga inakataa chaji na kufifisha mwanga. Ishikize kwenye tundu la AC.

Mzigo_Tabora
Nimepakua, asante. Ila nikiandika Kitunda inanipeleka Dar es Salaam!

Njia_Panda
Ndiyo, Kitunda ya Dar inatangulia. Ukifika Kigoma utayaona ya Mwanga: unataka ya mjini Kigoma, inakuletea ya Kilimanjaro. Dawa yake ni namba za mahali penyewe, yaani latitudo na longitudo. Mwambie mwenyeji akutumie mahali alipo kwa WhatsApp, fungua, kisha hifadhi kwa jina lako mwenyewe.

Ukiandika kwa mkono, usisahau alama ya kutoa. Tabora mjini ni -5.02, 32.80. Ukiacha hiyo alama uko Sudan Kusini. Tena 5.02 si nyuzi 5 dakika 2. Ni nyuzi 5 dakika 1.2. Ukichanganya hapo umepotea karibu kilomita moja na nusu, na porini hiyo ni mbuga nyingine kabisa.

Mwalo_wa_Ujiji
Naongeza la upande wa pili. Anayeshinda porini siku mbili tatu, au anayekwenda Mahale kwa boti, anunue ile ndogo ya mkononi inayotumia betri mbili za AA. Betri za akiba unabeba mfukoni, maji hayaiui kirahisi, na vitufe vinabonyezeka kwa mkono uliolowa. Ile ya kubandika kwenye kioo cha gari sioni sababu yake siku hizi.

Kabla ya kulipa, iwashe dukani uangalie kama ramani ya Tanzania imo. Nyingi zinakuja na ramani ya msingi tu, ina barabara kuu na miji mikubwa, basi. Za Garmin zinazopokea kadi, unapakua ramani ya OpenStreetMap kama faili la .img na kuliweka kwenye folda iitwayo Garmin ndani ya kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32.

Na masika, programu yoyote ile haijui kwamba mbuga imejaa maji. Itakukatia njia fupi katikati ya tope jeusi bila aibu. Kiangazi, siku njia ni nzuri, washa OsmAnd irekodi safari nzima, uhifadhi hilo faili la GPX, yaani faili la mstari wa njia uliyopita. Masika yakija fuata mstari huo, na kabla ya kila korongo uliza bodaboda anayetoka upande ule.

Mzigo_Tabora
Sawa mkuu. Kurekodi kunakula chaji sana?

Mwalo_wa_Ujiji
Skrini ndiyo inayokula. Izime, rekodi inaendelea. Ila kwanza nenda mipangilio ya betri uiruhusu OsmAnd bila kikomo, la sivyo simu itaizima kimyakimya na utakuta mstari umeishia Sikonge.